Isome Kompyuta Kabla ya Kuipiga: Kurudia Michezo ya Zamani ya Vita vya Zamu

Wapo wanaourudia mchezo wa utotoni, wakachagua ngazi rahisi, wakashinda kabla ya Isha, kisha wakaufuta: kompyuta mjinga. Wapo wanaopanda moja kwa moja hadi ngazi ya mwisho, wakapigwa mara mbili, wakaufuta pia: kompyuta inaiba. Wa kwanza na wa pili wote hawajaitazama ikicheza.

Katika michezo ya vita vya zamu, ile ya majoka, wachawi na ngome, kompyuta haina hila ya kesho. Ina hesabu ya zamu iliyo mbele yake, na hesabu hiyo inafuata utaratibu ule ule tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Ukishaujua utaratibu, mchezo wa miaka ishirini na ushei unapata ladha ambayo hukuionja ulipokuwa mdogo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama, kushinda baadaye.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mtu wa Lamu, au wa popote pwani, mwenye laptopu ya mtumba au simu ya kawaida, bando la kuhesabu, na umeme unaoondoka bila kuaga. Michezo ninayoitaja haitaki mashine kubwa, na ukishaiweka unaweza kuizima data kabisa.

1. Chagua mchezo, na ujue unacheza na akili ya nani

Anza na The Battle for Wesnoth. Aliyeuanzisha ni David White, mwaka 2003, na toleo la 1.0 lilitoka 2005. Tangu hapo unatunzwa na watu wa kujitolea. Ni wa bure kabisa, unakubali Windows, Linux na macOS, na kila kitu chake kiko wazi, pamoja na namna kompyuta inavyoamua. Hiyo ndiyo sababu nauweka mbele ya yote: hapa huna haja ya kubahatisha adui anafikiri nini, unaweza kwenda kusoma. Faili lake ni la mamia ya megabaiti, basi usilipakue kwa bando la siku. Nenda saiba na flashi yako, au kwa rafiki mwenye waya wa intaneti nyumbani.

Wa pili ni Heroes of Might and Magic II, wa mwaka 1996, kazi ya New World Computing. Siku hizi unachezwa kwa programu ya bure iitwayo fheroes2, ambayo inaingia hata kwenye simu ya Android. Programu hiyo ni injini tu. Picha, sauti na ramani hutoka kwenye mchezo wenyewe. Kama huna, fheroes2 inakupa njia ya kupakua toleo la majaribio lililogawiwa bure enzi zile. Ni finyu, lakini kwa kujifunzia linatosha.

Wa tatu ni Heroes III wa 1999, ambao mpaka leo una wafuasi wengi kuliko ndugu zake wote. Huu unaununua. Duka la mtandaoni la GOG linauza toleo lenye nyongeza zote mbili, na kwa asiye na kadi ya benki, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi hiyo. Jihadhari na lile toleo la picha zilizong'arishwa la mwaka 2015: halina nyongeza, na programu ya VCMI, ambayo ni injini mpya ya bure ya Heroes III, inataka toleo lenye nyongeza.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita. Ukicheza kwa fheroes2 au VCMI, picha ni za zamani lakini akili ya adui ni mpya. Wanaojitolea wameiandika upya, na wanaendelea kuirekebisha. VCMI hata inakuachia uchague ni akili ipi itakayoongoza mashujaa wa adui kwenye ramani. Ukitaka kuonja kompyuta ya 1999 na makosa yake yote, cheza mchezo asilia. Ukitaka adui mwenye meno zaidi, tumia injini mpya. Usichanganye halafu ukasimulia kwamba Heroes III ilikuwa ngumu hivi au vile.

Master of Magic wa 1994, kazi ya Simtex, uache mwisho. Ni mchezo mkubwa, wenye dunia mbili, Arcanus na Myrror, na jamii kumi na nne za viumbe, lakini kompyuta yake ni dhaifu mno kwa utajiri uliopewa. Mashabiki ndio waliokuja kuitia akili, katika toleo la Caster of Magic. Unachezwa ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani, na ukiufungua kabla hujajua kumsoma adui utapotelea kwenye vitabu vya uchawi.

2. Tayarisha mashine

Hapa si pa kukaa sana. Wesnoth hujihifadhi wenyewe kila zamu inapoanza, kwa hiyo umeme ukienda na betri ya mtumba ikafa papo hapo, hasara yako ni zamu moja. Kwenye Heroes kagua mpangilio wa kujihifadhi kabla ya kuanza. Punguza muziki na mwendo wa picha kama mashine inapata joto. Na usiiache laptopu dirishani upande wa bahari. Hewa ya chumvi hula vitundu vya flashi na chaji kabla ya kitu kingine chochote.

3. Zipiganishe kompyuta mbili, wewe kaa ukitazama

Fungua Wesnoth, nenda sehemu ya michezo ya watu wengi, kisha chagua mchezo wa mashine moja, usiohitaji mtandao. Chukua ramani ndogo ya watu wawili. Pande zote mbili ziwekee mchezaji wa kompyuta. Upande mmoja uwe Loyalists, jeshi la binadamu wenye mikuki na farasi. Wa pili uwe Northerners, yaani mazimwi. Zima ukungu wa vita ili uone ramani nzima. Anzisha, weka mikono kando.

Zamu chache za mwanzo usiandike kitu. Kisha chukua karatasi ujibu maswali haya kwa kila zamu: kompyuta imefanya nini kwanza? Askari aliyejeruhiwa amerudi nyuma au ameendelea? Nani ameachwa peke yake? Imeingia kwenye maji kupigana? Mchezo ukiisha, hifadhi marudio yake. Wesnoth inaweza kukuonyesha mchezo mzima tena, hatua kwa hatua, na marudio ni faili dogo ambalo unaweza kumtumia mwenzako hata kwa bando lililobaki la kutupia salamu.

Niliwahi kumwekea mzee mmoja skrini hiyo pale Mkunguni, akingoja zamu yake ya bao. Alitazama kimya, kikombe cha kahawa mkononi, mazimwi wakijitosa mtoni mmoja mmoja kwenda kupigana na watu walio nchi kavu.

"Mwanangu," akasema, "huyu anakula kila anachokiona. Hana habari na kitakachomla yeye."

"Ndiyo kompyuta hiyo, mzee."

"Basi mwekee kete."

Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya jambo hili. Mchezaji wa bao akiinua kete ameshaona zitakapoishia, mwenzake atajibu vipi, na yeye atarudi na nini. Kompyuta ya michezo hii inaona mtaji, yaani nafasi ya kula, ulio mbele yake, inaula, basi.

4. Jifunze foleni ya maamuzi

Kompyuta ya kawaida ya Wesnoth huitwa RCA. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Ina orodha ya mambo inayoweza kufanya. Kila mara inajiuliza ni lipi kati yao lenye alama za juu kabisa sasa hivi, inalifanya, kisha inauliza upya, mpaka lisibaki la kufanya. Ndipo inapokupa zamu.

Uzito wa mambo hayo haukupangwa kiholela. Kwa mpangilio wa asili, ambao matoleo mapya yameurekebisha kidogo, kuandikisha askari kuko juu. Kiongozi kurudi ngomeni mwake kunafuata. Halafu kupigana. Chini ya kupigana ndiyo inakuja kutafuta matibabu, chini yake kuteka vijiji, chini yake kurudi nyuma, na karibu na mkiani ni kusogelea malengo ya mbali.

Soma tena mpangilio huo polepole. Kupigana kumetangulia matibabu. Zimwi aliyebakiza uhai kidogo, kama kuna shambulio ambalo hesabu inaliona lina faida, atashambulia kwanza. Habari ya kwenda kijijini kuponywa inakuja baadaye, kama bado yu hai. Kurudi nyuma kuko chini zaidi. Ndiyo maana ulipokuwa unatazama huenda uliona majeruhi wakirudi vitani kama waliolipwa kufa. Hawakuwa na ujasiri wowote. Foleni ndiyo iliyowatuma.

Kuna namba nne zinazoamua hasira ya kompyuta hii, na zinafaa kukaa kichwani. Ukali, ambao kwenye faili huandikwa aggression, kwa kawaida ni 0.4. Ukiwa 0, kompyuta inahesabu hasara yake sawa na hasara yako. Ukiwa 1, haijali inapoteza nini alimradi wewe umeumia. Tahadhari, caution, ni 0.25. Halafu kuna thamani ya malengo: kijiji ni 1, kiongozi wako ni 3.

Kwa hiyo kiongozi wako anavuta majeshi ya adui mara tatu ya kijiji. Wachezaji wengi humficha nyuma kabisa, halafu wanalalamika kwamba adui ametawanyika ramani nzima na hawajui wazibe wapi. Mimi humweka pale ninapotaka vita vitokee: ndani ya ngome, penye kinga ya asilimia 60, yaani mapigo 60 katika 100 yanamkosa, askari wa mkuki kulia na kushoto. Wanakuja wenyewe.

5. Mwekee kete: kijiji kilicho kando ya mto

Huu ndio mfano wa kufanya kwa mkono, na ninaomba uufanye kabla ya kuendelea.

Tafuta kwenye ramani kijiji kinachopakana na maji mafupi. Mwingize askari wako wa mkuki, Spearman, ndani ya kijiji hicho. Pande zake za nchi kavu zizibe na wenzake, ili adui abaki na njia ya majini tu. Humu kila kigae kina pembe sita, maana yake askari mmoja anaweza kuvamiwa na maadui sita; usiache wazi zaidi ya pande mbili. Halafu maliza zamu.

Upande wa pili tuseme yupo zimwi aina ya Grunt, mwenye uhai 38. Ana mapigo mawili ya 9. Askari wako ana mapigo matatu ya 7, na mkuki wake una sifa ya kutangulia kupiga hata anaposhambuliwa. Ndani ya kijiji ana kinga ya asilimia 60, kwa hiyo pigo la adui linampata mara 40 katika 100. Zimwi aliyesimama majini ana kinga ya asilimia 20 tu. Mkuki unampata mara 80 katika 100.

Sasa ongeza saa. Binadamu hawa hupata asilimia 25 zaidi mchana na hupungukiwa asilimia 25 usiku. Mazimwi kinyume chake. Mchana pigo la zimwi linashuka kutoka 9 hadi 7, na lako linapanda kutoka 7 hadi 9. Kwa wastani zimwi atakutoa uhai 5.6 kwa shambulio zima, na wewe utamtoa 21.6, zaidi ya nusu ya maisha yake, katika vita alivyovianzisha mwenyewe.

Usiku je? Pigo lake linakuwa 11, lako 5. Anakutoa 8.8, unamtoa 12. Yaani hata kwenye saa zake, akiwa majini bado anaumia kuliko wewe, na zamu yako ikianza kijiji kinakurudishia uhai 8. Hizi ni wastani, bila shaka. Iko siku mapigo yake yote yatakupata na yako yatapita hewani. Usiupige mchezo ngumi kwa hilo.

Je, kompyuta itaingia majini kweli? Mara nyingi, ndiyo. Inaona askari anayeweza kuguswa, inaona kijiji, ukali wake wa 0.4 unaifanya isiuogope sana mkuki. Mara ambazo haikuingia, angalia umeacha nini kingine wazi: pengine kuna mpiga upinde wako nyuma ambaye ni rahisi kumla.

Jambo moja la kuongeza kuhusu kuziba. Askari wa daraja la kwanza na kuendelea huwasimamisha maadui wanaopita kigae kinachopakana naye. Askari wawili walioachiana nafasi ya vigae viwili bado wameufunga mstari kwa zamu hiyo. Huhitaji kupanga watu bega kwa bega kama safu ya swala. Ukiachanisha hivyo, wanne wanafunga upana ambao ungeudhania unataka kumi.

6. Hesabu saa kwa niaba ya adui

Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, na mbili za usiku. Alfajiri na machweo hazimpi mtu nyongeza. Kompyuta inapopima shambulio inaingiza saa ya sasa hivi kwenye hesabu, lakini haisemi "ngoja kuche" wala "nirudi nyuma, usiku unakaribia". Wewe unaweza kusema hivyo.

Ukiwa na Loyalists dhidi ya mazimwi, anza kusogea nyuma machweo. Zile zamu mbili za usiku kaa ngomeni, vijijini, milimani, uwaache waje. Alfajiri watakuwa wamechoka, wametawanyika, wako majini. Asubuhi na alasiri ni zako zote mbili. Ukishika mdundo huu wa kurudi usiku na kusonga mchana, ramani nyingi za kampeni za mwanzo, yaani hadithi zenye ramani zinazofuatana, zinafunguka. A Tale of Two Brothers na The South Guard ndizo nyepesi kuanzia.

7. Hamia Heroes: hapa kete ni mkulima

Kwenye Heroes vita ni vya aina mbili, na usomaji wake ni wa aina mbili vilevile.

Vitani, kanuni ya kushika kwanza ni kwamba kikosi hujibu shambulio mara moja tu kwa raundi. Kuna wachache wasiofuata hilo, kama Griffin wa Heroes II anayejibu kila anayemgusa. Lakini joka jeusi, lenye uhai 300, hujibu mara moja. Mkulima wa Heroes II ana uhai 1 na hununuliwa kwa dhahabu 20. Mgawe mkulima mmoja kwenye nafasi yake peke yake, mtume akamguse joka. Joka litamjibu, mkulima atakwenda zake, na sasa wapanda farasi wako wanaingia bila kujibiwa. Ni kanuni ya mchezo, kwa hiyo inafanya kazi hata adui awe na akili kiasi gani. Ninachotaka uangalie ni jambo jingine: zamu ya joka inapofika, linamfuata nani? Je, linapoteza pigo zima kwa mkulima wa pili uliyemwacha pembeni? Jaribu kwenye mchezo asilia, halafu kwenye injini mpya, uandike tofauti.

Wapiga mishale nao wana udhaifu wao. Adui akisimama kando yao hawawezi kufyatua, na katika Heroes III mshale unaokwenda mbali zaidi ya vigae 10 hupungua nguvu nusu. Kiumbe mmoja mwenye mbawa anayetua mbele yao raundi ya kwanza anastahili bei yoyote.

Kwenye ramani, shujaa wa kompyuta hupima nguvu ya jeshi lako dhidi ya lake. Akiona amekuzidi anakuja. Akiona umemzidi anakimbia, na kumkimbiza ni kupoteza wiki. Kwa hiyo usimkimbize. Acha shujaa mnyonge mwenye askari wachache mahali anapopaona, na yule mkuu mweke hatua moja nyuma, asikofika kwa zamu hiyo. Mnyonge anaweza kupotea, lakini utakuwa umempata adui mahali ulipopachagua wewe.

Halafu kalenda. Siku ya kwanza ya wiki ngome huzaa askari wapya. Ngome ya adui ipige siku ya saba: yeye hajapata wapya, na kesho yake wanazaliwa wakiwa wako. Ukifika siku ya kwanza umechelewa, utakuta amenunua.

8. Ngazi za ugumu zinabadilisha nini hasa

Mara nyingi kinachobadilika ni mfuko. Heroes III inakuanzishia dhahabu 30,000 kwenye ngazi nyepesi kabisa, 20,000 kwenye ya pili, 15,000, 10,000, na kwenye ya tano, Impossible, unaanza na sifuri. Fheroes2 nayo humwongezea adui mapato kadiri unavyopanda. Foleni ya maamuzi na tabia ya kula kila anachokiona vinabaki karibu vile vile. Mtu anayesema ngazi ya tano ina "akili zaidi" anachanganya tajiri na mjuzi.

Ushauri wangu: panda ngazi pale tu unapoweza kutabiri zamu inayofuata ya adui kabla hujabonyeza kumaliza yako. Ukitabiri sawasawa mara nyingi kuliko unavyokosea, panda. Ukiwa unashinda bila kuweza kutabiri, umeshinda kwa wingi wa jeshi, na ngazi ya juu itakuaibisha.

9. Jiwekee masharti

Ukishajua kumwekea kete, mchezo unaweza kuwa mwepesi kupita kiasi. Hapo jinyime kitu. Usirudie hifadhi ya nyuma ukipoteza askari. Hilo ndilo sharti kubwa, na ndilo linalovunjwa kuliko yote, kwa sababu hakuna anayekuona. Kwenye Heroes, cheza bila kugawa mkulima mmoja mmoja, au kwa shujaa mmoja tu. Kwenye Wesnoth, kataa kutumia vijiji vya mtoni. Chagua moja. Ukijibana kwa mambo matano utachoka, urudi kwenye simu kutazama video.

10. Mbadilishe adui mwenyewe

Hii ni ya Wesnoth tu, na ni tamu. Kwenye faili za kampeni, ndani ya sehemu ya kila upande, mara nyingi utakuta kifungu cha akili. Nakili faili kwanza, uweke nakala pembeni, kisha ubadilishe namba:

[ai]
aggression=0.9
caution=0
[/ai]

Anzisha ramani hiyo upya. Usifungue hifadhi ya zamani, maana imebeba namba za zamani. Adui huyu hatajali kufa. Mtego wa mtoni utamnasa zaidi, lakini ngome yako itasukumwa kwa nguvu ambayo hukuizoea, na utaona haraka kama mstari wako ulikuwa mzuri au ulikuwa unabebwa na woga wake. Kisha geuza: aggression=0, caution=0.8. Sasa ana subira kidogo na atakataa kete mbovu. Huyu ndiye adui ninayempenda.

Ukiwa katikati ya mchezo unaweza pia kumkabidhi kompyuta jeshi lako: bonyeza alama ya nukta mbili (:), andika droid, na upande wako utachezwa na RCA. Itazame ikiendesha watu wako mwenyewe kwa zamu mbili tatu, ikimtuma majeruhi wako mtoni. Inachoma moyo kidogo, lakini inafundisha.

11. Mwingize binadamu wa pili

Wesnoth na Heroes zote mbili zinaruhusu watu wawili kupokezana mashine moja. Usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, barazani, wakati wengine wako kwenye dhumna na karata, laptopu moja inatosha watu wawili, na kompyuta iwe mchezaji wa tatu. Chagua ramani ya watatu au zaidi, kompyuta iwe upande wake, ninyi kila mtu na wake, bila muungano.

Hapo utaona kitu ambacho ukiwa peke yako hukioni. Mwenzako naye ameisoma kompyuta. Atakuacha uiwekee kete zako zote, kisha atawavuta wale mazimwi upande wako kwa kumtoa kiongozi wake nje ya ngome zamu moja na kumrudisha ndani. Ile kete ya kiongozi mwenye thamani ya 3 inahama, na jeshi zima linageuka nayo. Kubalianeni mapema kama mambo kama hayo yanaruhusiwa. Kubalianeni pia nani anaangalia pembeni zamu ya mwenzake, kwa sababu ukungu wa vita haumzuii mtu aliyekaa bega kwa bega na wewe kwenye baraza la mawe. Na chaji iwe karibu na mwenye nyumba, asije mtu akadai umeme umeondoka pale anapokaribia kushindwa.